Mwalimu, usisogee: kutazama na kupiga picha treni za mizigo za SGR

Swali: «Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kibwezi. Jumamosi huwa naenda kutazama treni za mizigo za SGR, ile reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, pamoja na mpwa wangu wa miaka tisa, na mwaka huu nimenunua kamera ya mtumba. Shida zangu ni nne. Sijui treni hupita saa ngapi. Tunakaa saa tatu bila kuona kitu, tukiondoka tu tunasikia honi. Picha za kamera zina ukungu, na za simu makasha (kontena) yanatoka yameinama kama kibanda kinachotaka kuanguka. Wiki mbili zilizopita tulipita kwenye tundu la ua tupige kwa karibu. Treni ilipopita nilihisi upepo unanivuta kwenye magurudumu, na mama yake mtoto sasa hataki kusikia habari ya reli. Tena kabla ya hapo mlinzi alitufukuza akisema kupiga picha reli ni kosa. Nizidi kusogea, ninunue lenzi kubwa, au niache?»

Mwalimu, naanzia kwenye ule upepo. Hayo mengine yatasubiri.

Dada yako, au shemeji yako kama ndiye, hajakosea. Nilifanya kazi ya njia ya reli miaka kumi na tisa kabla sijashika kamera, na katika miaka hiyo sikusimama pale mliposimama ninyi bila kuwa na mtu wa kunitazamia treni. Ule ua haukuwekwa kwa ajili ya ng'ombe peke yao. Tundu lililomo si mlango. Limekatwa na mtu, na mara nyingi aliyelikata hakuwa na nia njema.

Sasa huo upepo. Watu wengi wanaamini treni inafyonza mtu kama bomba linavyofyonza maji. Sivyo hasa. Treni inaposonga inaisukuma hewa iliyo mbele yake, na hewa iliyo ubavuni inaburutwa pamoja nayo. Kama ingekuwa treni ya abiria yenye mabehewa laini, yaliyofuatana vizuri, ungehisi msukumo mmoja kisha mkondo. Treni ya makasha si laini. Kuna kasha, kuna pengo, makasha mawili yaliyopandana, behewa tupu, kasha tena. Kila ukuta wa kasha unakupiga na hewa na kila pengo linaiachia. Mwili wako, bila kukuuliza, unaegemea mbele kupambana na ule msukumo. Likija pengo, msukumo unakatika ghafla, nawe tayari umeegemea. Hapo ndipo mtu anapojikuta amepiga hatua kuelekea kwenye magurudumu, akaapa kwamba amevutwa. Mtoto wa miaka tisa ana uzito gani? Fikiria mwenyewe.

Halafu kuna hesabu ambayo macho yanaikosea. Upana kati ya reli mbili za SGR ni milimita 1,435, yaani kama mita moja na nusu. Lakini kichwa cha treni na mabehewa yana upana wa mita tatu hivi, kwa hiyo kila upande kuna karibu sentimita 80 za chuma zinazoning'inia nje ya reli. Anayesimama «hatua moja tu kutoka kwenye reli» amesimama ndani ya treni ambayo haijafika. Na hapo sijataja mkanda uliolegea, turubai linalopepea au kokoto iliyorushwa.

Macho yanakosea na mwendo pia. Kitu kikubwa huonekana kwenda polepole kuliko kilivyo, hasa kikikujia uso kwa uso, kwa sababu hakihami mahali pake. Kinanenepa tu, tena kidogo kidogo, mpaka sekunde za mwisho. Treni ya mizigo kwenye SGR imekusudiwa kwenda hadi kilomita 80 kwa saa. Hizo ni mita 22 kila sekunde. Ukiiona ikiwa mita 500, una sekunde 22 au 23, si dakika. Na dereva hata akikuona hana la kukufanyia zaidi ya honi, maana tani elfu tatu au nne zikiwa kwenye mwendo huo zinahitaji karibu kilomita nzima, pengine zaidi, mpaka zisimame.

Kuna na lile la wazee, la kuweka sikio kwenye reli. Ni kweli sauti inakimbia ndani ya chuma kama mita 5,000 kwa sekunde, na hewani 340 tu. Lakini ushauri huo ulitoka enzi za treni za mvuke na reli za vipande vipande zilizopiga ta-ta, ta-ta kila kiungo. Reli ya sasa imechomelewa ikawa ndefu isiyo na viungo vya kupiga kelele, na treni inayoteremka kuelekea Mombasa, injini ikiwa imepumzishwa, inaweza kukufikia ukiwa bado unazungumza. Mngurumo mwingi wa treni unatoka ubavuni, si mbele. Aliye mbele yake ndiye anayesikia kidogo zaidi.

Kwa hiyo jibu la «nizidi kusogea?» ni hapana, na sisemi hivyo kwa ajili ya usalama peke yake. Rudi nyuma hata kwa ajili ya picha. Aliyesogea sana anapata ukuta wa bati wenye maandishi. Aliyesimama juu ya daraja la barabara linalovuka reli, au kwenye mwinuko nje ya ua, anapata treni nzima ikijikunja, udongo mwekundu chini yake, na vilima vya Chyulu nyuma. SGR yetu sehemu kubwa imejengwa juu ya tuta, na barabara zinapita chini au juu yake. Sehemu za kuitazama kihalali ni nyingi kuliko mtu anavyodhani. Ile reli ya zamani, ya upana wa mita moja, ndiyo haina ua sehemu nyingi na watu wanaivuka popote. Huko mimi husimama mita 15 au zaidi, na sigeuki kuitazama picha kwenye kioo cha kamera mpaka niwe nimeondoka kabisa kwenye njia. Na popote reli mbili zinapokaribiana, kumbuka kwamba kelele za treni unayoitazama zinaimeza sauti ya ile usiyoitazama.

Tuje kwenye saa, maana hapa ndipo penye utamu.

Treni za mizigo hazina ratiba ya kubandikwa ukutani. Zinaondoka zikishapakiwa na zikishapata nafasi njiani. Lakini njia ya Mombasa hadi Nairobi ni moja. Treni mbili zinazokutana haziwezi kupishana popote. Lazima moja iingie pembeni kwenye kituo cha kupishana, isubiri nyingine ipite. Na kati ya abiria na mizigo, wa kusubiri ni mizigo. Hapo umepata saa yako ya ukutani. Huijui ratiba ya treni ya mizigo, ila ya abiria unaijua.

Kwa ratiba iliyozoeleka, treni ya abiria inayosimama vituo vya kati huondoka Nairobi na Mombasa kwa wakati mmoja, saa mbili asubuhi, na ile ya moja kwa moja huondoka pande zote mbili saa tisa alasiri, kisha kuna ya saa nne usiku. Ratiba hubadilika, hasa msimu wa sikukuu, kwa hiyo ulizia stesheni ya Kibwezi kabla hujafunga safari. Sasa piga hesabu na wanafunzi wako. Njia ni kilomita 470 na kitu. Kibwezi iko kama kilomita 200 kutoka Nairobi. Treni ya asubuhi huchukua saa sita hivi, basi ile ya kutoka Nairobi inawapitia mnamo saa nne na nusu, na ya kutoka Mombasa karibu na saa tano na nusu. Zile za saa tisa huchukua kama saa tano. Ya Nairobi inawafikia saa kumi na moja na dakika chache, ya Mombasa inapokaribia saa kumi na mbili jioni.

Katikati ya nyakati hizo, treni za mizigo za eneo lenu zinakuwa zimebanwa kwenye njia za pembeni zikisubiri. Ikishapita ya abiria, zinaachiliwa moja baada ya nyingine. Ndiyo maana mlikaa saa tatu msione kitu: mlikuja wakati ambapo njia ilikuwa imeshapumua. Na ndiyo maana mkiondoka mnasikia honi, kwa sababu treni za njia moja hazipiti kwa nafasi sawa kama daladala. Zinakuja kwa mafungu. Ukiona moja imepita kuelekea Mombasa, usikunje kiti. Yawezekana kuna nyingine iliyokuwa inaisubiri hiyo ipite ili yenyewe ipande.

Na inayopanda ndiyo ya kungoja. Bandari ya Mombasa inapokea mzigo mwingi kuliko inaoutoa, kwa hiyo treni za kwenda Nairobi ndizo zilizoshiba, nyingi za zinazoteremka zina makasha matupu. Kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi ni kupanda zaidi ya mita 1,600, hivyo utaona vichwa viwili vya dizeli vya aina ya DF8B vimefungwa pamoja, kila kimoja kina nguvu farasi 5,000 hivi, na nyuma yake mabehewa hamsini na kitu.

Jioni moja mwezi wa Agosti nilikuwa juu ya daraja la barabara, mbele kidogo ya kituo cha kupishana. Treni ya makasha ilikuwa imelala pale chini kwa dakika arobaini, hata kunguru walikuwa wametua juu yake. Ya abiria ikapita, taa zimewaka madirishani. Kimya. Kisha taa ya ishara ikageuka kijani, na kabla kichwa hakijaonekana kusogea nikasikia moshi wa dizeli puani. Ikafuata sauti ya viunganishio vikikazika, ka, ka, ka, ka, ikikimbia kutoka kichwani kwenda mkiani, ikanipita chini ya miguu na kupotelea kule nyuma kwenye michongoma. Kunguru wote wakaruka pamoja. Treni yenyewe ilikuwa inakwenda kama mtu anayetembea. Nilipiga picha thelathini bila haraka, na hakuna hata moja iliyotoka na ukungu. (Sauti hiyo hiyo ndiyo sababu mtu hapiti katikati ya mabehewa yaliyosimama, wala chini yake, hata kama yamelala tangu asubuhi. Yanaondoka bila kuaga.)

Kumbe ile shida yako ya pili imejibiwa nusu. Ukiipata treni inapoanza kuondoka, mwendo ni mdogo na ukungu unapungua wenyewe. Kwa treni iliyo kwenye kasi, hesabu ni hii. Katika mita 22 kwa sekunde, shata (muda jicho la kamera linapokaa wazi) ya 1/60 ya sekunde inaipa treni nafasi ya kusogea sentimita 37 kabla picha haijafungwa. Hapo huwezi kusoma hata namba ya kasha. Kwa 1/500 inasogea sentimita nne na kitu. Kwa 1/1000, mbili na kitu, na ukiwa mbali, tena ukiipiga inapokujia kwa pembe badala ya ubavuni kabisa, hizo mbili hazionekani. Weka 1/1000, acha kamera ijipangie mengine. Fokasi usiitegemee ikufuatilie treni. Ilenge kwenye nguzo au taruma ambapo treni itapita, ifunge hapo, kisha subiri kichwa kifike.

Makasha yaliyoinama kwenye simu si kosa la mkono wako. Simu haipigi picha yote kwa mara moja; inaisoma mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, kama mtu anayesoma gazeti. Ikifika mistari ya chini, treni imeshasogea, pengine nusu mita. Kasha lililo wima linatoka limelala. Dawa ni ile ile: lisimamie kwa pembe, lisikukatize ubavuni, na uwe mbali kidogo. Au subiri liende polepole.

Sasa lenzi kubwa. Nakushauri usinunue, angalau mwaka huu. Kibwezi saa sita mchana ardhi inachemka, na lile joto linalopanda kutoka kwenye kokoto linapindapinda mwanga. Nina hakika sehemu ya ukungu unaolalamikia ni huo. Lenzi kubwa haiuondoi, inaukuza. Lenzi ya kawaida inayofika milimita 200 inatosha kabisa ukiwa darajani. Pesa zilizobaki nunua kofia, maji, na umpelekee fundi kamera akusafishie sensa, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, maana ya mtumba haikosi vumbi.

Mwanga wa jua ndio lenzi yako. Huko kwenu reli inatoka kusini-mashariki kwenda kaskazini-magharibi. Asubuhi jua linaangaza ubavu wa kaskazini-mashariki na uso wa treni inayoteremka Mombasa. Simama upande huo, na Chyulu itakaa nyuma ya treni. Jioni mambo yanageuka: simama upande wa kusini-magharibi, na treni inayopanda Nairobi itakuja na jua limempiga usoni dereva mpaka umwone amekunja macho. Kuanzia saa nne hadi saa tisa jua liko utosini, magurudumu yanazama kwenye kivuli cheusi, na mimi binafsi huo ni wakati wangu wa chai.

Unaona tatizo linalojitokeza. Treni za asubuhi zinawapa mpishano mzuri lakini mwanga mbaya. Za jioni zinawapa vyote viwili, saa kumi na moja hadi kumi na mbili, lakini jua kwetu linazama upesi, saa kumi na mbili na nusu hivi giza limeshaanza, na uko na mtoto. Upande wenu kuna njia za ndovu. Njia zilizoachwa chini ya tuta kwa ajili yao zinatumika kweli, na jioni ndiyo saa yao ya kutembea. Mimi ningegawa: mkiwa na mtoto, asubuhi, hata kama picha zitakuwa na kivuli, kwani yeye anakuja kutazama, hajali mwanga. Jioni nenda na mtu mzima mwenzako na pikipiki inayowaka kwa teke moja. Ndani ya mbuga ya Tsavo hali ni nyingine kabisa: huko hushuki kwenye gari ila mahali palipowekwa alama, treni au hakuna treni.

Kuhusu mlinzi. Macho hayana pazia. Kutazama treni ukiwa kwenye barabara ya umma, na kuipiga picha kutoka hapo, si sawa na kuvunja ua. Lakini kuingia eneo la reli bila ruhusa ni kosa kisheria, na hapo mlinzi alikuwa anafanya kazi yake hata kama maneno yake hayakuwa sahihi. Mweleweni pia. Yeye anawajibika kwa kila boliti inayong'olewa ikauzwe kama chuma chakavu, na kwa mbali mtu mwenye kamera na mtu mwenye spana wanafanana. Mimi nikifika mahali papya huanza kwa kumtafuta mlinzi kabla hajanitafuta. Namsalimia, namwonyesha picha za siku nyingine, namwambia nitasimama wapi na nitaondoka saa ngapi. Akisema niondoke, naondoka. Sijawahi kushinda ubishi na mtu mwenye rungu na redio. Niliwahi kubishana mara moja, nikashinda kwa hoja, nikalala kituoni kwa uthibitisho.

Droni usiguse bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na mbugani hata usiifungue mkoba. Wasomaji wa Tanzania wanaojaribu haya kwenye SGR ya umeme waongeze jambo moja: waya ule wa juu una volti 25,000, na umeme wa namna hiyo hausubiri uguse. Kijiti cha selfi juu ya daraja pale ni balaa. Treni yenyewe pia huja kimya zaidi ya hizi zetu za dizeli.

Kuna mambo hayamalizwi kwa barua hii. Ukitaka kupiga picha ndani ya stesheni au kuwaleta wanafunzi, nenda Kibwezi umwone mkuu wa stesheni ana kwa ana, na barua yenye muhuri wa shule mkononi. Wengi wao wanapenda kazi yao na wanafurahi mtu akiwauliza. Ukiona reli iliyopasuka, jiwe au gogo kwenye njia, au boliti zilizong'olewa, usipige picha kwanza: kimbilia stesheni au kituo cha polisi kilicho karibu, na usijaribu kuondoa kitu mwenyewe. Na mpwa wako, baada ya siku ile ya tundu, muulize kama masikio yalivuma. Honi ya karibu inaumiza mtoto kuliko mtu mzima. Kama bado anasema yanalia au anaongeza sauti ya redio, mpeleke kliniki aangaliwe, usingoje likizo.

Lile tundu la ua nalo litolee taarifa stesheni. Najua litakuumbua kidogo.

Ukishafanya hivyo, nenda kwa mama yake mtoto na mwombe Jumamosi moja, saa nne hadi saa sita, juu ya daraja, na yeye mwenyewe awepo. Mpe mtoto daftari. Kazi yake ni kuandika saa, upande treni inakoelekea, na idadi ya makasha. Treni ya mita 700 au 800 kwenye kasi inapita kwa sekunde 35 hivi, kwa hiyo atakosa hesabu mara ya kwanza na ya pili. Baada ya wiki nne daftari hilo litakuwa na ratiba ya mizigo ya Kibwezi ambayo hata mimi sina, na ningependa kuiona.